Shimo la Kasner

Kuku wa nyama akiumwa, mavi yake yanakuambia kabla yeye hajakuambia. Wiki ya nne nilichuchumaa bandani, mvua inachapa bati, nikaona majimaji ya kijani kila mahali na kuku wamekaa chini kama vikongwe waliochoka kungoja misa. Chakula cha gunia kilikuwa kimeisha tangu Jumatano. Meli ya kuleta kingine ilikuwa imeharibikia Guam, na kule dukani Kolonia, mji wa kisiwa chetu, mama wa kaunta alishachoka kuniona.

"Meli bado, Welsin."

"Lini sasa?"

"Kwani mimi ndo nahodha?"

Nikarudi kijijini Kitti mikono mitupu, nikawapa chicha ya nazi peke yake. Siku ya tatu ndo hayo majimaji.

Aliyetaka kuku si mimi. Mimi nilitaka injini ya boti. Kuku aliwataka kaka yangu Kasner, aliyekuwa Amerika mwaka wa tisa, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuku. Anasimama kwenye mstari, anakata mapaja, zamu nzima, mpaka bega likafa ganzi. Alikuwa akipiga simu Jumapili.

"Mdogo wangu, huku nakata kuku kutwa na sili hata mmoja. Nimewachukia. Krismasi narudi. Nataka nikute kuku anayenuka kuku."

"Kwa nini usile nguruwe kama mtu mzima?"

"Nguruwe nitakula pia. We fuga."

Nikafuga. Vifaranga sitini vilikuja kwa ndege kwenye maboksi yenye matundu. Vitatu vilifia njiani. Hamsini na saba nikaviweka bandani nyuma ya jiko, na baba akaniangalia kutoka kibarazani kwake kama naleta panya.

Baba yangu, mzee Ludwik, hakuwaheshimu kuku. Kwetu karamu ni nguruwe, viazi vikuu na sakau, kinywaji chetu cha mizizi kinacholegeza mwili. Nguruwe anatajwa mbele ya watu. Kiazi kikuu kinatajwa, kimekuzwa na nani, wamekibeba watu wangapi. Kuku hatajwi.

"Kuku ni mdudu mwenye manyoya," alikuwa akisema.

"Mwanao ndo kawataka, mzee."

"Kasner akija atakula mdudu wake. Halafu nitamfungulia shimo, ale chakula."

Shimo lenyewe lilikuwa juu mtelemkoni, nyuma ya nyumba. Mwaka Kasner alipoondoka baba alilichimba mwenyewe, akalitandika majani ya mgomba, akajaza mashelisheli yaliyomenywa na kulowekwa maji ya bahari, akafunika majani tena, akapanga mawe juu. Akasema mbele ya watu: hili la Kasner, litafunguliwa siku akirudi. Shelisheli la shimo likikaa mwaka mmoja ni chakula tu. Likikaa miaka tisa, hata chifu ukimpelekea anakaa vizuri kwenye kiti.

Kila mwaka majani ya juu yanabadilishwa, hewa na maji visiingie. Baba alibadilisha mwenyewe mpaka sukari ilipomla mguu wakaukata gotini. Tangu hapo mtelemko ule hakuuweza. Kazi ikawa yangu. Shule niliacha darasa la nane, boti sina, basi kila kazi ya pale nyumbani ilikuwa yangu.

Ile siku ya majimaji ya kijani iliangukia wiki ya kubadilisha majani. Nimefunua shimo, harufu imenipiga, ile chungu tamu inayokufanya umeze mate hata kama umeshiba. Nimeinama pale juu na mvua inanitiririka mgongoni, nikajiuliza kitu kimoja tu. Hiki kinakaa miaka tisa bila kuoza. Tumbo la kuku litashindwa nini?

Jumapili nikamuuliza mwenyewe.

"Kasner, nataka konzi moja ya shimo lako. Ya kuchachushia chakula cha kuku."

Akacheka mpaka nikamsikia anakohoa. "Mzee anajua?"

"Una wazimu?"

"Chukua konzi. Konzi moja, umesikia? Na mzee asijue, atakufukuza na mkongojo na mguu wake mmoja."

Nikachukua konzi moja. Nasema kweli, mwanzo ilikuwa moja.

Nilitafuta pipa la plastiki lenye kifuniko. Nikakuna muhogo, nikakatakata mgomba laini wa ndani, majani ya viazi vitamu, mashelisheli yaliyoanguka, nikatia chicha na vichwa vya samaki vilivyopondwa. Chumvi kidogo. Ile konzi nikaikoroga kwenye maji, nikanyunyiza. Halafu nikapanda nikakanyaga kwa miguu yangu niliyoiosha, kanyaga, kanyaga, mpaka hewa imetoka yote, nikafunika majani, jiwe juu, kifuniko. Binamu yangu Ersin alipita akanikuta mle ndani ya pipa.

"Unaoga au unapikwa?"

"Natengeneza chakula cha kuku."

"Kuku wanakula miguu yako? Basi maskini wanakufa kesho."

Siku ya nne nilifungua. Kama imeharibika ungejua, inanuka kama panya aliyekufia ukutani. Hii ilinuka kama mkate na siki. Nikawachanganyia kidogo kwenye chicha, siku ya pili zaidi kidogo, kwa sababu tumbo la kuku ukilishtua linafunga. Wiki haijaisha mavi yakakauka. Banda likaacha kunuka. Wakasimama. Miguu ikawa ya njano, manyoya yakalala vizuri, vifua vikajaa, na walikuwa wakinisikia tu nafungua kifuniko wananikimbilia wote kwa pamoja kama mimi ndo Masihi. Waliokufa ni wawili tu. Watu wakaanza kuja kutazama. Hata Ersin alikuja, akamshika mmoja, akampima mkononi, akasema, "Miguu yako ina vitamini, bwana."

Nilifurahi. Sijui kama niliwahi kufurahi hivyo kwa kitu nilichokifanya mwenyewe.

Tatizo kuku wa nyama hangoji. Anakula leo zaidi ya jana. Pipa lilitaka siku nne, wao wakalimaliza kwa siku mbili. Pipa la pili sikulipata. Msimu wa mashelisheli ukapita, muhogo wa karibu ukaisha, na meli ilikuwa bado. Asubuhi moja walikuwa wamelia tangu alfajiri na pipa limebaki na maji tu. Nikatazama mtelemko. Kule juu kulikuwa na chakula kilichochacha tayari, hakingojwi siku nne.

Nikaenda na bakuli. Baada ya siku tatu nikaenda na ndoo. Nilijiambia ni kuku wa Kasner, wanakula shimo la Kasner, vyote vitaingia tumbo moja. Nilijiambia pia kwamba likipungua kidogo halijulikani. Nikaenda tena na ndoo, na tena.

Jambo moja sitalificha. Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga pipa mpaka magoti yanauma ili hewa isiingie. Nilijua ukifungua shimo kila siku ya tatu, kwenye mvua yetu ile isiyokauka, ukarudisha majani yale yale yaliyochanika kwa sababu una haraka na unaogopa kuonekana, unafanya nini. Nilijua, nikarudisha mawe, nikashuka.

Baba aliuliza mara moja kila wiki.

"Shimo?"

"Liko sawa."

"Majani ulibadilisha?"

"Nilibadilisha."

"Maana mvua ya mwaka huu ina roho mbaya," akasema, akatazama mtelemko ambao hawezi kuupanda. Mkono wake ulikuwa unasugua pale mguu ulipoishia.

Kasner alikufa wiki ya pili ya Novemba. Alirudi kutoka zamu, akalala na viatu, hakuamka. Moyo, walisema. Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Aliyepiga simu ni mtu wa kwetu, wa Sokehs, aliyekuwa anaishi naye kule, na simu niliipokea mimi, nikiwa bandani na ndoo mkononi. Alikuwa analia na kuku wangu wanapiga kelele, nikamwambia, "Sema tena, sikusikii." Akasema tena.

Mwili ulichukua siku kumi na sita kufika.

Siku kumi na sita ni nyingi. Ningeweza kusema siku yoyote. Mama alikuwa amelala upande wake wa mkeka kutwa. Mjomba wangu Yosuo, kaka yake mama, alihamia kwetu kupanga mambo ya msiba, maana kwetu mjomba ndiye anayesimamia. Siku ya tatu nilikwenda kibarazani nikakaa chini karibu na baba. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nilisema, "Baba, kuhusu shimo."

Akanishika bega. Baba yangu si mtu wa kushika watu.

"Ndiyo," akasema. "Ndilo hilo nalifikiria mimi pia. Nguruwe nimeazima. Viazi vikuu vya mwaka huu ni vya kuchekwa. Mguu sina hata wa kumchimbia kaburi. Kitu changu mwenyewe kilichobaki cha kumpa ni lile shimo. Tutalifungua siku ya kumzika. Anarudi, si anarudi?"

Nikasema, "Anarudi."

Nikaondoka. Nilipanda mtelemkoni, sikufunua. Nilisimama tu mbele ya yale mawe kama mtu aliyeitwa ofisini. Halafu nikashuka kuwapa kuku majani.

Alfajiri ya mazishi nilichinja kuku wote. Hamsini na watano. Hakuna aliyeniambia. Mama aliamka kunikuta nimejaa damu na manyoya mpaka masikioni, akabandika maji tukanyonyoa. Nilifikiri, sijui nilifikiri nini. Nilifikiri labda wakiwa wengi vya kutosha, hakuna atakayelikumbuka shimo.

Watu walikula. Mvua ilikuwa inanyesha na wao wamejibana chini ya paa la nyumba ya karamu, jeneza katikati limefunikwa mashuka ya maua, na wanakula kuku wangu.

"Hawa si wale wa dukani waliogandishwa," akasema mzee mmoja, ananyonya mfupa. "Hawa wana nyama. Uliwalisha nini, kijana?"

"Mimea," nikasema. "Ya kuchachusha."

"Mimea gani hiyo?"

"Si ataje miguu yake!" akasema Ersin, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani kile, kinachojua mahali pa kuishia.

Halafu mtangazaji akasimama kutaja vilivyoletwa. Akataja nguruwe, mmoja mmoja na jina la mwenye kuleta. Akataja viazi vikuu. Akataja mizizi ya sakau. Sauti yake ilikuwa nzuri. Kuku hakuwataja. Hakukosea, hawatajwi, nilijua tangu nazaliwa. Lakini nilimtazama mdomo mpaka mwisho.

Ndipo baba aliposema kutoka kwenye kiti chake, sauti ya juu, watu wote wasikie, "Na shimo la mwaka wa tisa. La Kasner. Yosuo, kaniletee."

Watu wakanong'ona. Mwaka wa tisa si mchezo. Mjomba Yosuo akachukua wanaume wawili na vikapu vipya vya majani ya mnazi, vimesukwa jana yake. Akaniambia, "Welsin, twende, wewe ndo unalijua."

Tulipanda. Mawe tuliyaondoa wote wanne. Mjomba akafunua jani la kwanza, halipo, limekuwa uji. Akafunua la pili. Harufu ikatoka, na haikuwa ile ya mkate na siki.

Ndani kulikuwa na maji meusi. Shimo lilikuwa limeshuka hadi chini ya nusu, na kilichobaki kilikuwa na ukungu wa nywele nywele na funza. Mmoja wa wale wanaume akageuka akatema mate. Mjomba hakutema. Alitia mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota, akatazama, akayaacha yatiririke. Aliona kuta za shimo zilivyokwanguliwa na ukingo wa ndoo. Huwezi kusema mvua imekwangua.

"Nani?" akaniuliza.

"Mimi. Niliwalisha kuku."

Nilitaka anipige, mjomba ana haki ya kunipiga. Akafuta mkono kwenye majani, akasema, "Kuku. Mungu wangu. Hao tuliokula sasa hivi?"

"Hao."

Vikapu vilishuka vitupu. Hapo ndipo baba alipojua, kabla ya neno lolote. Alivitazama vile vikapu vinavyoingia vyepesi mbele ya watu wote, mbele ya mjumbe wa chifu aliyekaa anangoja. Mjomba akamwinamia sikioni. Niliona uso wa baba haubadiliki. Akasema tu, "Endeleeni," na mtangazaji akaendelea.

Tulimzika Kasner mchana ule ule. Maji yalikuwa yanajaa kaburini, tukachota kwa makopo ya rangi, tukamshusha.

Kwetu mtu akikosea hivyo kuna njia moja. Unapeleka sakau. Mizizi inapondwa juu ya jiwe, inakamuliwa kwa magome, kifuu kimoja kinapelekwa kwa uliyemkosea. Akinywa, imekwisha. Hata aliyeuliwa ndugu yake, akinywa, imekwisha, hawezi kulisema tena jambo lile mpaka kufa kwake. Ndiyo maana watu wengine hukimbia wakiona mizizi inaletwa. Baba hakuwa na mguu wa kukimbilia.

Mjomba Yosuo aling'oa mmea wake mwenyewe kwa ajili yangu. Mawe ya kupondea yalipolia, watu waliokuwa wanaondoka wakarudi. Kila mtu alijua sakau ile inapondwa kwa kosa la nani. Mjomba alikamua mwenyewe, ile nyingi, nzito, inayovutika kama ute, akajaza kifuu akanipa.

"Usimtazame usoni," akasema. "Inamisha kichwa. Nitasema mimi."

Nikaenda kwa magoti mpaka mbele ya kiti cha baba. Mkono wa kulia na kifuu, wa kushoto umeshika kiwiko. Mjomba akasema nyuma yangu maneno yanayosemwa, kwamba mtoto ni mjinga, kwamba mtoto ni wako, kwamba tumekuja wote chini yako.

Kifuu kikachukuliwa mkononi mwangu. Nikasikia watu wanashusha pumzi. Nikafumba macho.

"Welsin," baba akasema.

"Naam."

"Walinona, wale kuku?"

"Walinona, baba."

"Niliona. Nilionja mmoja. Ulifanya kazi nzuri." Mama alikuwa analia mahali fulani upande wa kulia. "Sasa nisikilize. Nikinywa hii nimesamehe. Nami nataka kunywa, Mungu anaona, nimechoka. Lakini lile shimo silo langu. Nililitoa mbele ya watu hawa hawa, mwaka wa tisa huu. Mtu hasamehe kwa niaba ya mwenzake kitu kilichoibwa kwa mwenzake."

"Ludwik," mjomba akasema. "Ndugu yangu. Mwenyewe amekufa."

"Najua amekufa. Nimemzika saa mbili zilizopita."

"Sasa anywe nani?"

Ningeweza kusema hapo. Ningeweza kusema mwenyewe aliniruhusu, alicheka kwenye simu, alisema chukua. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini alisema konzi, na angekuwa hai angeulizwa, angejibu kwa kinywa chake, konzi moja, Welsin, nilikwambia konzi moja. Nikaufunga.

Kifuu kikarudi mkononi mwangu, kimejaa vilevile.

"Mpelekee mwenyewe," baba akasema. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya. "Akinywa, nami nitakunywa."

Akamwambia mtu amletee mkongojo, akaondoka.

Sakau ya msamaha haiwekwi chini. Haimwagwi, wala hainywewi na yule aliyeileta. Hayo kila mtu pale alikuwa anayajua, kwa hiyo hakuna aliyenisogelea. Mjomba alikaa kwenye jiwe lake na magome mkononi, anatazama mvua. Mmoja mmoja watu walichukua vikapu vyao vya nyama wakaaga. Ersin alipita karibu yangu kichwa chini, kikapu begani.

Nilibaki pale kwa magoti mbele ya kiti kitupu. Ule ute ulianza kutuama, maji juu, uzito chini. Mkono wa kulia ukachoka, nikahamishia kifuu mkono wa kushoto.